Mbunge akipiga kura na chama chake asilimia 95, hiyo inatuambia nini hasa?

Mleta mada:
Wakuu habari. Kuna jamaa yangu jana tumebishana mpaka tukanuniana. Yeye anasema ukitaka kumjua mbunge achana na maneno yake, kahesabu kura, ukikuta asilimia 95 kapiga na chama basi huyo ni muhuri tu, hana msimamo. Mimi nakataa. Kura ni ushahidi sawa, ila hiyo asilimia ikisimama peke yake inadanganya mchana kweupe.

Mchukueni John McCain, seneta wa Marekani wa chama cha Republican, chama cha Trump. Enzi za Trump, kura zake zaidi ya asilimia 80 ziliangukia upande alioutaka Trump, ukiishia hapo unasema huyu ni chawa, imeisha hiyo. Sasa njoo usiku wa 28 Julai 2017, inakaribia saa saba na nusu, Republican wenzake wanataka kufuta sehemu ya sheria ya bima ya afya ya Obama, mzee anaingia ukumbini hata wiki mbili hazijapita tangu itangazwe kwamba ana saratani ya ubongo, anasimama mbele ya meza ya makarani, ananyoosha mkono, anashusha dole gumba. Ukumbi ukaguna. 49 kwa 51, hoja chali. Kwenye hesabu ya jamaa yangu hiyo ni kura moja tu, uzito wake sawa na kura ya kuipa posta jina jipya (na Congress, Bunge la Marekani, wanazo kura za namna hiyo kibao). Hapo ndo naona tunapigwa. Mnaonaje?

Mchangiaji wa 1:
Mkuu unawatafutia wabunge pa kujifichia. Kwani sisi tulimchagua mtu au ilani? Kaomba kura kwa tiketi ya chama, kanadiwa na viongozi wa chama, kavaa sare ya chama, leo akipiga na chama mnasema hana msimamo? Msimamo wake ndo huo! Muongo ni yule anayepanda basi la wenzake halafu kila kituo anataka kushuka. Muangalie Jeremy Corbyn, mbunge wa chama cha Labour Uingereza, Labour iko madarakani kuanzia 1997 hadi 2010 yeye kapiga dhidi ya chama chake zaidi ya mara 400, halafu 2015 anakuwa kiongozi anataka wengine wamtii. Juni 2016 wabunge wake mwenyewe 172 wakamkataa, 40 ndo wakabaki naye. Mavuno ya shamba lake.

Mleta mada:
Mkuu asante, ila huyo Corbyn umeniletea mwenyewe. Katika hizo mia nne kuna vita ya Iraq, kuna sheria za ugaidi, yaani ungeweza kukaa nyumbani ukabashiri leo ataasi au hataasi. Huo ndo msimamo, kuna mstari unaonekana. Sasa mchukue mwingine anayeasi mara tano na hizo tano hazina undugu wowote, leo kodi, kesho barabara, keshokutwa sijui nini, huyo pengine kanyimwa uwaziri tu ana hasira zake. Kwa hiyo mimi siulizi kaasi mara ngapi, nauliza kaasi kwenye nini.

Mchangiaji wa 2:
Mnasahau bei. Kura ya kuasi bei yake haifanani nchi na nchi, na hata ndani ya chama kimoja haifanani mtu na mtu. Uingereza mnadhimu wa chama, yule anayesimamia nidhamu ya kura, anawatumia wabunge karatasi ya ratiba, kura muhimu imepigiwa mstari mara tatu, maana yake ukikosea hapo usije ukalia. Septemba 2019 waziri mkuu Boris Johnson aliwavua wabunge 21 uanachama wa kundi la Conservative bungeni kwa sababu ya kura moja ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, wamo Ken Clarke na Nicholas Soames ambaye ni mjukuu wa Churchill. Na huyo huyo Johnson mwaka huo huo kabla hajawa waziri mkuu alishaupigia kura ya hapana mkataba wa Brexit wa Theresa May, waziri mkuu wa chama chake, mara mbili! Hakuna aliyemgusa. Si mnaona.

Halafu njoo kwetu Tanzania, ukipoteza uanachama wa chama kilichokuleta, na ubunge umekwenda. India nao tangu 1985 wana kifungu kwenye katiba, ukikaidi maelekezo ya chama kwenye kura unaweza kupoteza kiti. Mazingira hayo asilimia 100 inapima nini, imani au woga? Mimi nasema woga.

Mchangiaji wa 3:
Nyie mnajadili asilimia, sisi wengine hata kura zenyewe hatuzioni. Mheshimiwa anasimama, dakika tisa anaponda bajeti ya wizara, maji hakuna, dawa hakuna, waziri anatuangusha, ya kumi anafuta jasho anasema "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja". Inakuja kura ya sauti, wanaoafiki waseme ndiyooo, wasioafiki waseme siyo, walioafiki wameshinda, meza zinapigwa, tumemaliza. Niambie hapo unaandika nini kwenye daftari lako? Bajeti kuu ndo angalau wanaitwa mmoja mmoja kwa jina, na hapo kila mtu anajua rais ana uwezo wa kuvunja Bunge bajeti ikikataliwa, nani atathubutu?

Mchangiaji wa 1:
Basi ipigwe kura ya siri tuone misimamo ya kweli. Afrika Kusini 8 Agosti 2017 si walifanya kwenye kura ya kutokuwa na imani na Rais Zuma?

Mleta mada:
Walifanya, na hesabu yake tamu kweli. ANC, chama cha Zuma, viti 249 kati ya 400, wapinzani wote jumla 151, kura za kumtoa Zuma zikatoka 177 dhidi ya 198, tisa wakakaa kando. Toa 151, wanabaki watu 26 wa ANC kwa uchache. Ila ni akina nani? Wachache walijitaja wenyewe, waliobaki kimya. Ile siri iliyowakinga na chama ndo hiyo hiyo iliwakinga na mpiga kura, kwa hiyo mkuu hapo mimi sipo, bora woga ninaouona.

Mchangiaji wa 4:
Nachungulia toka Kenya. Muswada wa Fedha 2024, tarehe 25 Juni, ndiyo 195, hapana 106, tatu zimeharibika. Kesho yake rais anakataa kusaini muswada wa serikali yake mwenyewe. Sasa wale 195 wamebaki na kura mkononi kama mtu aliyevaa suti ya harusi na harusi imevunjwa, waliipiga kwa ajili ya mkubwa na mkubwa kaikana.

Lakini swali langu ni jingine. Bunge lina watu 349, jumlisheni hizo namba zinakuja 304. Arobaini na kitu walikuwa wapi? Wagonjwa, safarini, au ndo wale wanaokumbuka kwenda msalani kengele ya kura ikilia? Kwenye asilimia zenu hao mnawaweka wapi?

Mleta mada:
Dah. Hiyo ya wasiokuwepo sikuifikiria kabisa, na jamaa yangu naye hakuihesabu. Ngoja nimpigie.