Mjadala: Baada ya Helene, Asheville wajenge tena kando ya mto?

Mtoa mada: Kimbunga Helene kiliingia Florida usiku wa Septemba 26, 2024. Kesho yake Asheville, mji wa milimani Carolina Kaskazini, karibu mita 650 juu ya usawa wa bahari, mto French Broad ukavunja rekodi ya 1916. Wenye viwanja vya kando ya mto waruhusiwe kujenga tena, au viachiwe maji?

Mzee wa Ramani: Wajenge, ila sakafu ipite alama ya 1916. Basi. Walioko mlimani hata mjadala hauwahusu, wao pakavu.

Kipimamaji: Alama ya 1916 ni futi 23.1. Safari hii 24.67. Sakafu yako imeshalowa, mkuu. Na huko kwenye "pakavu" ndiko udongo ulikoporomoka. Mvua kubwa ilitangulia kimbunga, ardhi ikashiba, ya Helene ikakosa pa kuingia.

Mzee wa Ramani: Maporomoko si mafuriko. Usichanganye mada.

Fundi Kalavati: Kawaambie hivyo wenye nyumba. Bima ya mafuriko ya serikali kule inalipa tope lililotiririka kama uji, hailipi kipande cha mlima kilichoteleza. Tena ukiikata leo, kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30.

Bi Msimamo: Bima, bima! Huko juu ugonjwa ni kalavati. Bomba la inchi 24 chini ya njia ya kuingilia nyumbani: gogo likikwama mdomoni, majani yanajazana, njia inageuka bwawa, kisha inapasuka na kumshukia jirani wa chini.

Kipimamaji: Si waweke la inchi 36? Kwa mteremko uleule linapitisha karibu mara tatu.

Fundi Kalavati: Mara tatu kwenye karatasi! Mdomo usipojengewa ukuta wa zege, maji yanapenya ubavuni, yanakula udongo, bomba linaondoka. Shindilia kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Halafu sehemu moja ya njia, mbali na nyumba, ishushwe na kuwekwa mawe makubwa, maji yakizidi yapite juu hapo.

Mzee wa Ramani: Na nani alipe? Nyingi ya hizo ni njia za watu binafsi.

Mtoa mada: Jamani, niliuliza kuhusu kando ya mto.

Fundi Kalavati: Tunakuja. Kwanza huyu wa inchi 36 aseme, mdomo wa bomba unasafishwa na nani kabla ya vimbunga vya Agosti?