Ultrasaundi ndani ya gari la wagonjwa: inaokoa muda au inaupoteza?

Muuguzi wa Njia Kuu
Habari za kazi, ndugu zangu. Gari letu linahudumia ajali za barabara kuu, wengi wao wakiwa majeruhi wa bodaboda, na tumeahidiwa mashine ndogo ya ultrasaundi inayounganishwa na simu. Hospitali ya karibu haina daktari wa upasuaji usiku, na yenye daktari huyo iko mwendo wa zaidi ya saa moja. Je, mashine hii itanisaidia kuamua, au nitachelewesha mgonjwa kwa picha nisizozielewa vizuri?

Daktari wa Zamu
Dada, uamuzi huo wa kwenda wapi ndio unaoipa mashine thamani. Tazama kwanza kati ya ini na figo ya kulia, kwa kuwa damu iliyovuja tumboni huonekana pale kama utepe mweusi, kisha upande wa bandama, nyonga, na kifuko cha moyo. Mwaka 2006 madaktari wa Ujerumani walichapisha taarifa za majeruhi 202 waliopimwa kabla ya kufika hospitali: kipimo kilibadilisha matibabu kwa asilimia 30 yao, na hospitali ya kupelekwa kwa asilimia 22. Ila kule daktari hupanda garini, jambo ambalo kwetu ni nadra. Tena usidanganywe na picha safi, kwani damu isiyofikia takribani mililita 200 inaweza isionekane kabisa. Mgonjwa aliyepauka na mwenye mapigo ya haraka ana hatari hata kama huoni kitu.

Mhudumu wa Gari
Nakubaliana na daktari, nami naongeza ya barabarani. Pima gari likiwa linatembea, usimsimamishe dereva kwa ajili ya picha, na funika kioo cha simu maana jua la mchana hukifanya kionekane giza. Kwenye kifua, utando wa pafu huteleza kama siafu waliopanga mstari. Utando huo ukitulia tuli, shuku hewa iliyonaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Na mgonjwa anayekandamizwa kifua kwa mikono kwa sababu moyo umesimama, usikatishe kukandamiza zaidi ya sekunde 10 ili upate picha.

Muuguzi wa Njia Kuu
Asanteni sana. Nitaomba mafunzo yaanze na picha ya ini na figo pekee, na nikiona damu nimpigie daktari wa upasuaji tukiwa bado njiani, ili timu yake ijiandae.