Mawe yanatembea Austria, mimi silali Likoni: nifanyeje?

MpimaLikoni: Ndugu zangu, nimepewa kazi ya mtandaoni: picha za mlima mmoja Austria, zilizopigwa kutoka kwenye ndege, zilizopishana miaka 50. Nipime barafuto ya mawe, yaani lundo la mawe lenye barafu ndani, linaloteremka polepole. Limeshuka mita 30. Nitume ripoti au nisubiri? Mwisho Ijumaa.

BiKisauni: Malipo nusu umeshachukua? Usiguse kazi bila malipo, mwanangu.

Mzee wa Bandari: Mimi bikoni ya shamba langu, yaani alama ya mpaka, ilihama usiku mmoja, jirani akasema ni mvua. Kesi ilikwenda miaka sita.

FundiTudor: Kaka, nje ya lundo, kwenye mwamba usiohama, umepata ngapi?

MpimaLikoni: Lundo ndilo nililoulizwa.

FundiTudor: Ngapi?

MpimaLikoni: Kuna kibanda cha wachungaji kwenye mwamba. Kimesogea mita 4. Lakini nimeshaikata ramani, limebaki lundo tu. Mita 4 kwa 30 si kitu!

BiKisauni: Kibanda hakina miguu. Kuficha ni haramu.

FundiTudor: Pembeni lundo huenda sentimita chache kwa mwaka. Hapo mita 4 zinameza kila kitu. Picha zako hazijalala sawa. Chukua alama kwenye mwamba pande zote, uzifunge picha upya, yaani uzilaze sawa kwa alama hizo, na kosa litakalobaki uliandike.

Yakhe254: Hekaya hii. Mombasa na barafu wapi na wapi? Nani ampe Mswahili mlima wa Austria?

FundiTudor: Picha hazihitaji koti. Kule Hochebenkar, Austria, wanapima lundo kama hilo tangu 1938. Siku hizi setilaiti za Sentinel-1 husoma hata sentimita. Na hapa kwetu barafuto ya Lewis, ile ya barafu tupu, Mlima Kenya, ilichorwa ramani 1934.

Yakhe254: Basi atuoneshe kibanda.

MpimaLikoni: Paa la mawe, kona moja imebomoka, kivuli chake kinaangukia kijito. Nimekitazama hadi macho yanawasha. Nimefunga upya kwa alama 14: kibanda sasa sentimita 40, lundo mita 27. Mteja nimemwandikia naomba hadi Jumatatu.

FundiTudor: Tafuta na picha za katikati. Wastani wa miaka 50 hauoneshi lilianza lini kwenda kasi.

Mzee wa Bandari: Na bikoni yangu, mnaweza kuipima hivyo?