Pauni bilioni 1.98 za Uingereza kwa IDA: zinalipwaje, na nani anaamua ziende wapi?

Mfuatiliaji_Bajeti: Wakuu, wafadhili walipokutana Seoul Desemba 2024 kuchangia IDA, mfuko wa Benki ya Dunia kwa nchi maskini, Uingereza iliahidi pauni bilioni 1.98. Zinalipwa kwa mkupuo? Na London inaweza kuagiza sehemu yake iende elimu ya Tanzania?

Mhasibu_Misaada: Hazilipwi kwa mkupuo, mkuu. Kwanza Bunge lao la chini lipitishe amri ya kuidhinisha mchango. Kisha serikali inaweka hati za ahadi ya kulipa, na IDA inazigeuza taslimu kidogokidogo kadiri miradi inavyolipwa, kwa ratiba ya kawaida ya miaka kama tisa. Chunga hapa: Uingereza huhesabu msaada hati inapowekwa, siyo taslimu inapotoka. Msaada ukipanda ghafla mwaka mmoja, usidhani kuna miradi mipya.

Kuagiza, hapana. Mchango mkuu unaingia chungu kimoja pamoja na mikopo inayorejeshwa na fedha za hatifungani ambazo IDA inauza tangu 2018. Ndiyo maana dola bilioni 23.7 za wafadhili zimezaa awamu ya ufadhili ya miaka mitatu yenye dola bilioni 100. Mgao wa nchi unakokotolewa kwa alama za sera na taasisi zake (vigezo 16, kila kimoja 1 hadi 6), idadi ya watu na pato la mtu. Hatari ya madeni ndiyo inayoamua upewe ruzuku au mkopo nafuu.

Dawati_la_Sera: Niongezee. Mfadhili anabana kwenye majadiliano ya kila miaka mitatu, ambako masharti ya sera ya awamu nzima yanaandikwa. Kwenye bodi ya Benki, inayoidhinisha miradi, kuna wakurugenzi watendaji 25. Uingereza ina kiti chake peke yake. Tanzania na Kenya zinagawana kimoja na nchi nyingine nyingi za Afrika. Ila mradi ukishafika bodini ni nadra kukataliwa, kwa hiyo ubalozi unaosubiri siku ya kura umechelewa. Maoni yapelekwe mradi ukiwa bado andiko la awali. Marekani imejifunga zaidi: kwa sheria ya 1989, tathmini ya mazingira ya mradi wenye athari kubwa isipopatikana siku 120 kabla ya kura, mkurugenzi wake hawezi kuunga mkono.

Mhasibu_Misaada: Waingereza wakitaka elimu ya Tanzania tu, njia ni mfuko wa amana, yaani fedha za kazi maalumu zilizotengwa nje ya chungu cha IDA na kusimamiwa na Benki. Wanasaini mkataba wa usimamizi, wanalipa ada, wanapata kiti kwenye kamati ya mfuko huo. Wengi wanasahau kwamba taratibu za manunuzi na ukaguzi ni za Benki, hivyo mfadhili hawezi kutuma wakaguzi wake baadaye. Na fedha hizo huripotiwa kama msaada wa nchi kwa nchi ingawa zimepitia Benki. Ukizitafuta kwenye safu ya michango ya mashirika ya kimataifa hutaziona.