Tupeane uzoefu: mechi ipi ya Taifa Stars, timu yetu ya soka ya taifa, ilikufanya useme "kocha aondoke"?

Kijana wa Mtoni
Wakuu, salaam. Tangu Ijumaa ya Agosti 22, 2025, Moroko walipotutoa robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, sijalala vizuri. Nilikuwa mzunguko, viti vya watu wa kawaida, Uwanja wa Mkapa, na lile bao la Lamlioui wa Moroko dakika ya 65 nimeliona tangu mpira unamtoka mguuni. Filimbi ya mwisho ilipolia, jamaa mmoja nyuma yangu akapanda juu ya kiti akaanza, "Hemed aende! Hemed aende!" Nikajikuta naitikia. Daladala zilijaa, nikarudi kwa miguu mpaka kwa Aziz Ally, na njia nzima najiuliza nimeitikia nini. Kocha Hemed kaongoza kundi kwa pointi 10, kafungwa bao 1 katika mechi 4, kaivusha Stars makundi ya CHAN kwa mara ya kwanza. Novemba 2024 katupeleka AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa bao la Msuva dhidi ya Guinea. Na maneno hayohayo nimeyaimba kwa makocha waliomtangulia, kwa Maximo, kwa Kim Poulsen, kwa Amunike. Sasa nimechoka kuimba, nataka kujua wenzangu. Mechi ipi ilikutoa hayo maneno mdomoni, na leo unaionaje?

Mama Tatu
Msumbiji, 2007. Uwanja mpya, tumeshamfunga Burkina Faso kwao, tukimfunga Msumbiji tunabaki na nafasi ya kwenda AFCON Ghana. Tukafungwa 1-0 nyumbani. Niliilaumu benchi mpaka sauti ikakauka. Leo naona Maximo alitufanya tuvae jezi ya taifa kwa mara ya kwanza mtaani kwetu. Kabla yake nani alikuwa nayo?

Jangwani Kwetu
Naunga mkono hapo kwenye jezi.

Fundi Baiskeli
Mimi sijutii. Nasema Hemed aondoke, na sisemi kwa sababu ya Ijumaa. Turudi Januari 2024, kwenye AFCON. Kocha wetu Amrouche kafungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, mechi 8 kwa yale aliyoyasema kuhusu Moroko, TFF, shirikisho letu, wakamweka pembeni, Hemed akapewa timu mchana kweupe katikati ya mashindano. Mechi yake ya kwanza Zambia. Hapa Morogoro tulikuwa kwenye kibanda umiza cha mabati, kiingilio 500, watu wamekaa mpaka kwenye makreti ya soda. Nilimchukua mwanangu wa miaka 9. Msuva kafunga mapema, dakika ya 11. Mtoto kaning'ang'ania shingoni. Kabla ya mapumziko Zambia wakapewa kadi nyekundu, wamebaki 10. Nikamwambia mwanangu, leo utaona kitu ambacho Tanzania haijawahi kufanya, leo tunashinda mechi ya AFCON.

Kipindi cha pili nikaanza kuona tunarudi nyuma. Wao 10, sisi 11, na sisi ndio tunabutua. Mwenye kibanda akaanza kusema, "Toeni mpira huko, pandeni." Dakika ya 70 tunabutua. Dakika ya 80 tunabutua. Mwanangu akaniuliza, "Baba, mbona sisi ndio tunaogopa?" Sikuwa na jibu. Dakika ya 88 kona, Daka wa Zambia, kichwa, 1-1. Kibanda kizima kilinyamaza, ukawa unasikia ile feni tu. Mtoto hakulia. Aliniachia shingo akashuka, akatoka nje akakaa kwenye baiskeli kunisubiri.

Ijumaa nimeona ugonjwa uleule. Tumefungwa dakika ya 65, timu inahitaji bao, mabadiliko yanakuja yamechelewa na hayana mshtuko. Mwalimu wa kulinda ni mzuri, nampa heshima yake. Lakini kuna siku lazima ufunge. Mwanangu sasa anakaribia miaka 11, hataki tena kwenda kibandani kuangalia Stars, anasema atasubiri matokeo.

Mpemba wa Michenzani
Fundi, pole na mtoto. Lakini mie nakukatalia. Huyo Hemed kapewa timu iliyokwisha kufungwa 3-0 na Moroko, siku mbili kabla ya mechi, ulitaka afanye nini? Akatoka sare na Zambia, akatoka sare na Kongo ya Kinshasa. Sie Zanzibar tunamjua. Mwaka 2017 aliichukua Zanzibar Heroes, timu isiyokuwa na chochote, akaipeleka Kenya kwenye Kombe la Chalenji la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati. Wakaifunga Tanzania Bara, wakaifunga Uganda, wakafika fainali na kutolewa na Kenya kwa penalti. Waliporudi watu walijaa kama siku ya Idi. Mabadiliko yake siku hizo hayakuchelewa.

Na wako wanaosema aletwe kocha mgeni; mie nilikuwa Uwanja wa Amaan Juni 2015. Mholanzi Nooij yuko benchi, Uganda wakatutandika 3-0 kwetu, mbele ya wazee wetu. Nilitoka na kaka yangu, hatukusemezana mpaka Darajani. Mechi hiyo ndiyo iliyomwondoa. Haya, mgeni alitusaidia nini?

Mnyama Damu
Mimi yangu ni Agosti 2018, Amunike kafika hata mizigo hajafungua, kaacha wachezaji 6 wa Simba eti wamechelewa kambini. Siku ile nilisema aondoke kabla hajaanza.

Jangwani Kwetu
Eti. Walichelewa au hawakuchelewa?

Mnyama Damu
Walikuwa na ruhusa ya klabu.

Jangwani Kwetu
Kambi ya taifa ni ya taifa. Na Feisal wetu wa Yanga aliachwa pia, mbona sisi hatukuandamana? Nyoni wenu alirudi kundini na penalti dhidi ya Uganda akafunga yeye. Hiyo ndiyo kazi ya kocha.

Mnyama Damu
Usinifundishe uzalendo, ndugu. Siku ile ya Uganda nilikuwa uwanjani tangu saa 5 asubuhi.

Dada wa Tandika
Mmeitaja siku hiyo mmenichoma. Tarehe 24 Machi 2019. Niliwahi kuapa sitasimulia, lakini acha niseme.

Baba yangu alikuwa na miaka 71, mstaafu wa bandari. Mwaka 1979, goli la Peter Tino kule Ndola, Zambia, lililotupeleka AFCON, alilisikiliza redioni Kurasini na rafiki yake mmoja, wakakimbia barabarani bila viatu. Tangu AFCON ya Lagos 1980 alikuwa anasema hafi mpaka Stars irudi. Miaka 39. Basi siku ile nikamkatia tiketi, mimi na mdogo wangu tukampeleka.

Mnakumbuka hesabu zilivyokuwa: ili twende AFCON, sisi tumfunge Uganda, halafu Lesotho wasishinde kule Praia, kwa Cape Verde. Watu walikuwa na redio na simu masikioni. Baba hakuwa na shida na Uganda, yeye kila dakika tano ananigusa goti, "Praia je?" Msuva kafunga, "Praia je?" Nyoni penalti, "Praia je?" Aggrey Morris la tatu, hapo hata hakushangilia, amefumba macho. Ilipotangazwa 0-0 kule, uwanja mzima ukapasuka. Nilimkumbatia nikahisi mbavu zake zinavyotetemeka chini ya shati. Akasema sikioni mwangu kuhusu Amunike, "Huyu Mnaijeria msimwondoe. Mwacheni afanye kazi."

Tulipokuwa tunatoka getini wimbi la watu likatutenganisha. Nilikuwa nimemshika mkono, mara nimeshika mkono wa mtu mwingine. Simu yake imezima. Saa 3, saa 4, saa 5. Mdogo wangu kaenda hospitali, mimi nimezunguka vituo vya polisi na kanga imenilowa jasho, watu wanapita na bendera wanapiga honi na mimi nalia. Kila mtu anadhani nalia kwa furaha, wananikumbatia.

Kijana wa Mtoni
Dada usiishie hapo. Alipatikana?

Bodaboda Chang'ombe
Alipatikana??

Fundi Baiskeli
Dada, tafadhali.

Mnyama Damu
Samahani, lakini mzee wa miaka 71 unampelekaje mzunguko siku kama ile? Hukumtafutia hata VIP C?

Mama Tatu
Wewe Mnyama, adabu. Mwenzio anasimulia baba yake.

Mnyama Damu
Nimeuliza kwa uchungu, mama. Mimi mzee wangu pia mtu mzima.

Mama Tatu
Sawa mwanangu. Basi uliza vizuri.

Wa Kisumu
Poleni majirani. Ijumaa hiyohiyo Madagascar walitutoa Kasarani kwa penalti, kwa hivyo tumelia pamoja. Mimi nina neno moja kuhusu kufukuza. Huyo Amrouche tulikuwa naye hapa Kenya, akatupatia Kombe la CECAFA 2013. Mwaka 2014 Lesotho wakatutoa, kila mtu akapiga kelele, mimi pia, akafutwa. Akaenda kushtaki, shirikisho likaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100 zetu. Hiyo pesa ingejenga viwanja vingapi vya watoto? Kabla hamjamwambia mtu aende, mtu asome mkataba.

Jangwani Kwetu
Hii ni kweli kabisa.

Mpemba wa Michenzani
Kumbe mngetuambia mapema.

Dereva wa Lori, Tunduma
Ushauri wangu: apewe miaka 4, asiguswe, hata tukifungwa na timu ya shule.

Fundi Baiskeli
Miaka 4! Kaka, mtoto wangu atakuwa kidato cha tatu.

Bodaboda Chang'ombe
Mimi nasema abaki ila aongezewe msaidizi wa kushambulia tu. Kazi yake moja: dakika ya 60 anamgusa Hemed begani anamwambia, "Mwalimu, sasa." Na Dada wa Tandika bado tunakusubiri.

Mzee wa Blida
Nimejiita hivi kwa sababu. Novemba 2015 tulikuwa tunaongoza 2-0 dhidi ya Algeria hapa Dar, wamefunga Maguri na Samatta. Slimani akarudisha yote mawili. Siku tatu baadaye kule Blida, 7-0. Nilikuwa safarini kwenye basi, kijana wa kiti cha mbele ananisomea matokeo, bao la tano nikamwambia inatosha, akaendelea. Kocha wetu Mkwasa hakufukuzwa siku ile. Wengi mlikasirika, mimi nilishukuru. Kocha hakuwa na bao saba za kwake peke yake, zilikuwa zetu sote.

Dada wa Tandika
Samahanini, nilikuwa naandaa chakula cha baba. Ndiyo, alipatikana.

Saa 6 na nusu usiku mdogo wangu akasema, hebu twende Uwanja wa Uhuru, ule wa zamani. Nikamwambia mechi haikuwa huko. Tukaenda. Tukamkuta amekaa kwenye stuli ya muuza mahindi, nje ya geti, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, soli imebanduka. Ametulia kabisa. Akasema, "Mmechelewa." Kumbe asubuhi wakati tunatoka nyumbani alisema tukipotezana tukutane mlangoni, na mimi nikaitikia tu. Mlango wake ni ule aliokuwa akikutana na rafiki yake tangu enzi za yule kocha wa Kipolandi. Rafiki alishafariki, 2004.

Sikumgombeza. Muuza mahindi hakutaka hela, alisema mzee amemsimulia mechi zote za 1980, tulivyofungwa na Nigeria, na bao la Juma Mkambi.

Mnyama, nakujibu: sikuwa na hela ya VIP. Yametosha.

Juni, kwenye AFCON kule Cairo, tuliongoza mara mbili dhidi ya Kenya, tukafungwa 3-2, Olunga ndiye aliyetumaliza. Baba akasema tumejifunza. Julai Amunike akaondolewa. Baba aliisikia redioni, akaizima, akaniuliza, "Kwa hiyo tunaanza tena?" Toka siku hiyo akikutana na jina la kocha mpya haulizi anatoka wapi, anauliza atapewa muda gani.

Mnyama Damu
Dada, naomba unisamehe. Mwambie mzee shikamoo kutoka kwangu.

Dada wa Tandika
Marahaba, nimemfikishia. Ameuliza wewe ni Simba au Yanga.

Fundi Baiskeli
Dada, sijabadili mawazo kuhusu mabadiliko ya dakika ya 60, hilo nitalisema mpaka kesho. Ila nimemsomea mwanangu hadithi ya mzee. Kaniuliza Ijumaa mzee aliangalia?

Dada wa Tandika
Aliangalia nyumbani, miguu haimruhusu tena. Walipofunga Moroko akasema, "Bado dakika 25." Ilipoisha akaomba chai. Nikamuuliza, baba, Hemed abaki? Akasema nimwandikie kwenye karatasi ratiba ya Septemba, Kongo Brazzaville ugenini halafu Niger kwetu, kwa herufi kubwa, nibandike pembeni ya redio.

Kijana wa Mtoni
Niger niko tayari kusafiri popote itakapochezwa. Nani tunaenda wote?

Fundi Baiskeli
Niwekee nafasi mbili. Mtoto anasema atakuja, ila tukikaa mbali na makreti.