Kitosani ya maganda ya kamba: jeni hazifiki kwenye seli za ini

GandaLaKamba
Wakuu, nimekwama. Nasoma uzamili hapa Dar, nataka kuingiza jeni kwenye seli za ini kwa kitosani, polima yenye chaji chanya inayoshika DNA. Naipika mwenyewe kwa maganda ya kamba wa soko la samaki la Feri: asidi inatoa chokaa, kostiki inatoa protini, halafu kostiki ya 50% inayochemka (wenzangu maabara wameninunia kwa ile harufu). Nikiichanganya na plazmidi (kipete cha DNA) yenye jeni ya mng'ao wa kijani kwenye pH 5.5, mambo safi, kwenye jeli DNA haitoki kishimoni, yaani imeshikwa. Nikimimina vichembe hivyo juu ya HepG2 (seli za saratani ya ini), dakika kumi tu navikuta vimeganda mabonge kama maziwa yaliyokatika. Baada ya saa 48, seli za kijani hazifiki tano. Na sukari ya galaktosi nimeshabandika ili seli za ini zivitambue!

BiPipeti
Mdogo wangu, midia yako (maji ya kulishia seli) si pH 7.4? Amino za kitosani hubeba chaji chanya vizuri chini ya 6.5 hivi. Ukivuka hapo zinaachia protoni, vichembe havisukumani tena, vinashikana. Galaktosi itamwita nani wakati mzigo wote uko chini ya sahani? Saa nne za mwanzo weka midia ya 6.8 isiyo na seramu, kisha rudisha ya kawaida. Mimi jambo hilo lilinila miezi mitatu.

Mchuja_Jeli
Au aitrimethili kabisa (abandike methili tatu kwenye amino), chaji ikae hata kwenye 7.4. Ila ikizidi inaua seli.

Halafu galaktosi umebandika kiasi gani? Asidi laktobioniki, inayobeba hiyo galaktosi, hukaa kwenye amino zilezile zinazoshika DNA. Kama N/P (uwiano wa amino kwa fosfati za DNA) unapiga kwa amino za kitosani ya mwanzo, unajidanganya.

GandaLaKamba
Duh. Nilipiga hivyohivyo.

BiPipeti
Na usisahau kulinganisha na HeLa (seli za saratani ya mlango wa kizazi), hazina kile kipokezi cha galaktosi. Sahani nyingine ya HepG2 itangulizie asialofetuini (protini yenye galaktosi) izibe vipokezi.

GandaLaKamba
Mrejesho: kwenye 6.8 mabonge hakuna, HepG2 zimewaka mpaka nimemwita mlinzi aje aone. Tatizo, HeLa nazo zimewaka vilevile. Na asialofetuini haikupunguza kitu.

BiPipeti
Basi vimeingia kwa chaji tu, galaktosi ni pambo. Weka NMR yako (kipimo cha muundo wa molekuli) hapa tuone kama kweli ilishika.

GandaLaKamba
NMR… foleni ni wiki mbili, dada.