Pesa za kijaluba cha bibi: ndimu, zaituni, maji au chaja ya simu?

Kijaluba_Wete
Assalam aleikum jamaa. Bibi yangu kanifungulia kijaluba chake cha tambuu, kumbe ndani mna pesa tisa. Sita ni za shaba za Sayyid Barghash, zile zenye mizani upande mmoja na mwaka 1299. Ipo robo anna ya Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya Hindi, 1835. Ipo reale ya fedha ya 1780, yenye sura ya malkia ambaye bibi anamwita "Mzungu mnene". Na kuna kidude chembamba, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, kijani kitupu, hakisomeki.

Sijawahi kusafisha pesa ya kale. Jirani anasema ndimu na chumvi. Ami yangu anasema mafuta ya zaituni, niziache miezi miwili. Shemeji, fundi simu, anataka kuzitia umeme wa chaja. Mitandaoni wanasema maji matupu. Kila mmoja anaapa. Nifuate lipi?

BabaUkwaju
Ndimu, mwanangu, au ukwaju. Marehemu mama akisugua masinia ya shaba kwa ukwaju na mchanga kila ikikaribia Ramadhani, ukijitazama unaona mpaka kope. Dakika tano umemaliza. Hayo mengine ni kupoteza siku.

Karafuu_Kavu
Shikamoo babu. Kwa sinia nakubali, maana sinia nene na hakuna anayelisoma. Pesa ni kitu kingine. Pesa iliyokaa miaka mia na zaidi, mara nyingi herufi zake zimebaki kwenye ile ngozi ya juu, ile rangi ya kahawia au kijani iliyokolea. Asidi haichagui uchafu na herufi, inakula vyote. Ukiitoa kwenye ndimu inakuwa ya waridi kama uduvi uliochemshwa, na ile rangi ya zamani hairudi.

Tena ndimu peke yake afadhali. Ndimu *na chumvi* ndiyo balaa. Chumvi ikiingia ndani ya shaba hukaa kimya mpaka ikutane na unyevu na hewa. Hapo inazaa asidi, asidi inakula shaba, shaba iliyoliwa inaiachia chumvi ianze tena. Utaona unga wa kijani cheupe, laini, unaopukutika ukiugusa kwa kijiti. Wenyewe wanauita ugonjwa wa shaba. Kutu ya kijani ngumu, iliyong'ang'ania, haina neno, hiyo ni ngozi, iache. Unga ndio wa kuogopa. Na sisi tuko kisiwani, hewa yenyewe ina chumvi.

Kijaluba_Wete
Subhanallah. Basi pesa mbili kati ya sita zina unga huo. Moja nimeshaitia ndimu jana 😔

Karafuu_Kavu
Isuuze sasa hivi, usingoje kesho. Hizo mbili zitenge na nyengine.

FundiWaya
Mimi ndiye ninayetumia umeme, tena naujua vizuri, kwa hiyo nisikilizeni kabla hamjanishambulia. Unafanya kazi, na haraka. Tatizo ni kuwa unavua kila kitu mpaka kwenye shaba tupu, na kama kutu imeingia ndani, pesa inatoka na matundu kama chujio. Niliwahi kuitia pesa nzuri ya Barghash nikatoa kisahani kisichokuwa na mizani wala mwaka. Halafu wengi wanatia chumvi ya jikoni ili umeme upite. Hapo upande mmoja unatoa gesi ya klorini, chumbani kwako, umefunga madirisha. Kwa anayeanza: hapana. Mwambie shemeji abaki na simu zake.

BintiMalindi
Zaituni nimejaribu miezi minne. Inalainisha udongo kweli, na kwa anayeogopa kuharibu inampa subira. Lakini mafuta yenyewe yana asidi kidogo, yanaitia pesa weusi, na yanafunika ile chumvi badala ya kuitoa. Ukitaka baadaye kuiloweka kwenye maji, maji hayapiti, inabidi kwanza uyatoe mafuta kwa asetoni. Asetoni yenyewe iwe tupu, si ile ya kufutia rangi ya kucha yenye manukato na mafuta ndani. Mafuta juu ya mafuta!

Kwa hiyo mimi nimerudi kwenye maji.

Kijaluba_Wete
Maji gani dada? Ya kisima chetu yana magadi kidogo, ukinywa unaonja.

BintiMalindi
Ya kisima la, ya bomba la. Yale yasiyo na madini yoyote, wanayotilia betri ya gari. Lakini soma kopo vizuri ndugu yangu, dukani kuna maji ya betri na kuna *asidi* ya betri, na makopo yanafanana. Tia pesa kwenye kikombe cha plastiki au gilasi, si sufuria. Badilisha maji kila siku wiki ya kwanza, kisha kila wiki. Katikati, sugua polepole kwa mswaki laini wa mtoto, na udongo wa kwenye herufi uchokoe kwa kijiti cha meno kilicholowa. Sindano usiiguse, na stilwaya iache kwa masufuria. Ni kazi ya wiki na miezi.

BabaUkwaju
Miezi! Kwa pesa ambayo haikununulii hata andazi.

Mtembezi_Darajani
Babu, hainunui andazi lakini inauzwa. Mimi nanunua na kuuza. Anayekusanya pesa akiona imesuguliwa ikang'aa, anaweka chini, basi. Ile chafu yenye rangi yake anaiuliza bei. Iliyong'aa ananunua mgeni wa kutengenezea mkufu.

Hiyo reale usiihangaikie sana. Malkia Maria Theresa alikufa 1780, na pesa yake ikaendelea kupigwa kwa mwaka ule ule zaidi ya karne mbili, Vienna na kwengine, mpaka London na Bombay. Zipo nyingi. Weusi wa fedha ukikukera, unaweza kuuondoa kwa foili, maji ya moto na baikaboneti. Itanuka yai bovu kidogo, usishituke. Lakini mimi ningeuacha.

Kijaluba_Wete
Na hizi mbili zenye unga? Maji yanatosha?

Karafuu_Kavu
Kwa ugonjwa mwepesi, maji ya muda mrefu husaidia. Ukiwa mkubwa, wataalamu wanaloweka kwenye sodiamu seskwikaboneti asilimia 5. Utacheka: hiyo ndiyo iliyo nyingi ndani ya magadi, haya haya tunayotilia maharage. Lakini usikimbilie sokoni. Magadi ya dukani yana chumvi ya kawaida ndani yake, utakuwa unamtibu mgonjwa kwa sumu iliyomwangusha.

Ukimaliza, kausha kabisa, tia asetoni ifukuze maji yaliyobaki, kisha usizishike tena kwa vidole vitupu, jasho nalo ni chumvi. Na sasa ndiyo sehemu ambayo watu wa Ulaya hawaifikirii kama sisi: kuweka. Ugonjwa huu hutulia unyevu ukishuka chini ya asilimia 40 hivi. Hapa masika hewa inapita 80. Kwa hiyo kopo gumu la plastiki lenye mfuniko unaobana, ndani tia vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu. Vikishiba unyevu havifanyi kazi, badilisha. Mifuko laini ya plastiki ya albamu, inayonuka nailoni mpya, inatoa ute wa kijani, ikimbie. Kasha la mbao nalo si zuri, mbao inatoa asidi.

Hicho kidude chembamba, usikiguse hata kwa mswaki. Kilitoka wapi?

Kijaluba_Wete
Bibi anasema alikiokota akilima muhogo upande wa Mtambwe, hapa Pemba, yeye msichana.

Karafuu_Kavu
Mtambwe Mkuu! Mwaka 1984 wachimbaji walikuta hapo pesa za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu, zilizofukiwa karne ya 11. Ndogo ndogo hivyo hivyo, na maandishi ya pande mbili yanakwenda kwa vina, kama shairi. Kijani inaonyesha yako ina shaba, huenda ni ya namna ya Kilwa. Kipige picha pande zote mbili kikiwa kichafu, andika alichosema bibi, kipeleke kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale. Udongo uliokishika nao ni habari. Na tafadhali, asiende mtu na jembe kule.

Kijaluba_Wete *(wiki sita baadaye)*
Nne zimesafika, mizani inaonekana, rangi imebaki. Mgonjwa mmoja ametulia, mwengine bado anatoa unga, yumo majini. Ile ya ndimu ni ya waridi mpaka leo. Kidude nimekipeleka kama kilivyo.

Bibi hajali lolote. Anauliza kijaluba chake kitarudi lini, tambuu anaifunga kwenye karatasi.